Kisanduku cha Marekani

Habari ilinikuta nimeinama chini ya meza, natafuta kifuniko cha wino wa mashine ya fotokopi. Ilikuwa mwisho wa Juni, mwaka 2023, alasiri ya baridi ile ya Johannesburg inayoingia kwenye vidole vya miguu na kugoma kutoka. Jirani yangu, mama Mkongo mwenye cherehani mlango wa pili, aliingia dukani bila hodi, simu mkononi, vipande vya uzi vimemganda begani.

"Baba, uko wapi? Sikia! Tribinali ya Amerika imekata. Muntu mweusi habatamuhesabu tena ku universite. Bimeisha!"

Niliinuka haraka nikajigonga kisogo. Sikusikia maumivu. Nilimnyang'anya simu nikasoma mwenyewe, mara ya kwanza harakaharaka, mara ya pili kwa kufuata mistari na kidole. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba vyuo vikuu visiangalie tena rangi ya mwombaji vinapochagua wanafunzi. Basi, ndiyo hivyo. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mzee mmoja Mrundi niliyekuwa namjazia fomu ya kibali alinitazama kama anayesubiri kutajiwa jina la marehemu.

"Bwana, kuna msiba?"

Nikamwambia ndiyo, upo. Sikuwa natania.

Lazima nieleze kazi yangu, la sivyo mtu ataniona kichaa, mwanamume wa Tanga mwenye chumba cha fotokopi Bellevue, analizwa na majaji wa Washington. Hapa mtaani wengine hushona, wengine husuka, wengine hulinda milango ya maduka ya watu. Mimi hujaza fomu. Fomu za kibali, za shule, za benki, za kliniki, za cheti cha kuzaliwa. Na karibu kila fomu ya nchi hii inataka kujua rangi yako: Mwafrika, Kaladi, yaani chotara, Mhindi, Mzungu. Nimeweka tiki kwenye visanduku hivyo mara nyingi kuliko nilivyopiga mswaki. Ukikaa na kazi kama hiyo miaka ishirini, unaanza kuamini kwamba mtu ni kile alichowekewa tiki, na kwamba akikosa kisanduku amekosa maisha.

Mimi na mke wangu tuna mtoto mmoja tu, binti. Alizaliwa hapahapa. Alipofika miaka sita nilimpeleka kuandikishwa shule, na fomu nilijaza mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini. Kwenye rangi niliweka tiki kwa Mwafrika, maana sikuona kingine cha kuweka. Karani alikuwa mama mtu mzima, mpole, mweusi kunishinda mimi. Aliangalia karatasi zetu za Tanzania, akachukua kalamu, akaifuta tiki yangu kwa mstari mmoja ulionyooka, pembeni akaandika: mgeni.

"Hiki ni cha wale ambao sheria za zamani ziliwanyima," aliniambia kwa upole. "Ninyi mna sehemu yenu, baba."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba nilimwelewa. Watu hawa walinyimwa shule, ardhi, hata njia ya kupita, na sasa wanahesabiwa ili warudishiwe kidogo. Mimi nilikuja mlango umeshafunguliwa na wao. Lakini pembeni yangu alisimama mtoto aliyezaliwa hospitali ambayo ukitembea kutoka shule ile unafika, mtoto aliyekuwa akinisahihisha Kizulu changu mbele ya watu, na mtoto huyo akaniuliza, "Baba, kwa nini amefuta?" Nikamwambia kalamu yangu ilikuwa mbovu.

Akakua. Akapenda hesabu, kisha akapenda maji, na siyo maji ya kuogelea. Bellevue bomba linaweza kukauka siku nne mfululizo, tukapanga foleni na ndoo kusubiri lori la tangi, na yeye badala ya kulalamika kama watoto wenzake alikuwa akiuliza maji yanatoka wapi, bomba lina umri gani, nani anajua limepasukia wapi. Alitaka kusomea uhandisi wa maji. Nilikwenda kuuliza kwenye vyuo viwili vya hapa. Kote nilijibiwa kwa adabu kwamba kwa kozi ile wageni huangaliwa mwisho, nafasi zikibaki.

Ndipo Marekani ikaingia nyumbani kwangu. Mteja mmoja alikuja nimchapishie karatasi za mpwa wake anayeomba chuo huko, na mimi kwa udadisi wa kazi nikafungua fomu yao kwenye kompyuta baada ya yeye kuondoka. Wakauliza rangi. Kulikuwa na kisanduku cha mtu mweusi au Mwafrika. Nikabofya. Tiki ikakaa. Nikasubiri, mnaweza kucheka lakini nasema kweli, nikasubiri kana kwamba yule mama karani atatokea kwenye kioo na kalamu yake. Hakuna aliyekuja kufuta.

Miaka miwili niliihubiri habari ile. Kila mzazi aliyeingia dukani na mtoto mwenye akili nilimwambia: hapa mwanao ni mgeni, kule mwanao ni mweusi na weusi wake una hesabu. Mama wa cherehani alinisikia mpaka akawa anaimaliza hotuba kwa niaba yangu nikiwa na wateja wengi. Binti alikuwa anasikia pia, mgongo ameupa ukuta, anasoma. Hakuwahi kusema kitu, nami nilidhani ni heshima.

Kwa kuwa mimi ndiye fundi wa fomu, maombi yake niliyashika mwenyewe. Tangu mwanzo wa mwaka ule, akiwa darasa la mwisho la sekondari, nilimwandaa. Marekani wanataka insha, mtoto ajieleze yeye ni nani. Sasa mimi kujieleza nakujua kwa njia moja tu, njia ya ofisi ya wakimbizi. Wakongo na Warundi wamepita mikononi mwangu wengi, na wote niliwafundisha kanuni ileile: hadithi yako iwe moja, fupi, isiyobadilika. Usieleze ulivyojisikia, eleza kilichotokea. Usirudie jambo ambalo fomu imeshauliza, karani akiliona mara mbili atadhani unamficha kitu. Kanuni hiyo imewaokoa watu. Nikaichukua nzimanzima nikamvalisha mwanangu.

Insha yake ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Alikuwa ameandika juu ya siku ile ya karani, kumbe aliikumbuka, na mstari ulionyooka, na kalamu ambayo baba yake alisema ni mbovu. Niliisoma mpaka mwisho, kisha nikafanya nilichozoea. Nikakata.

"Hili la rangi liache," nilimwambia. "Kisanduku kitasema."

"Lakini Baba, hii ndiyo insha."

"Kisanduku kitasema. Wewe wape tarehe, shule, alama zako, na lile la mabomba."

Alikubali. Insha ikabaki kama maelezo ya polisi. Nilijisifu kwa kazi nzuri.

Sasa mtu anaweza kuona nilichopoteza alasiri ile. Nilikuwa nimeweka kila kitu cha mwanangu ndani ya kisanduku kimoja, na majaji wamekifunga.

Jioni ile nilifunga duka mapema nikaenda saluni ya mke wangu, barabara ya pili, ambako binti alikuwa akimsaidia mama yake kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Nilifika nikiwa nawaka. Nilisimama katikati ya wateja wenye vichwa nusu vimesukwa nikahutubia juu ya haki, juu ya majaji, juu ya Marekani iliyojiita mwalimu wa dunia. Mke wangu hakuinua macho kwenye kichwa alichokishika.

"Wewe baba," alisema, "hao majaji walijua kwamba unawategemea? Maana naona hawakukuaga."

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimgeukia binti nikamwambia, "Mwanangu, wametuweza." Alikuwa amechutama anafagia nywele za bandia. Alinitazama kwa muda, kama mtu aliye na la kusema kinywani, kisha akaendelea kufagia.

Siku iliyofuata duka liligeuka matanga. Walikuja wazazi niliowahubiria, kila mmoja anataka nimhakikishie kwamba nilisoma vibaya. Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kizulu ambaye kila mtu humwita Gogo, alikuja kuangalia kilichokusanya watu mlangoni kwake. Nilipomweleza alishika kiuno.

"Hata wao? Kule?" alisema. "Eish. Mimi nilidhani wakishakuhesabu, wamekuhesabu." Akageuka kutazama barabara. "Basi na hapa siku moja mtu ataamka aseme imetosha."

Hilo halikuwa limenijia. Nilikuwa nimemwonea wivu yeye na watoto wake kwa kile kisanduku chao kwa miaka kumi na miwili, na sasa nilimwona anakiogopea. Nilimpa kiti.

Jumamosi ikaja. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiwasaidia bure wanafunzi wanaoomba vyuo vya nje, katika darasa la kuazima kule Doornfontein. Nilikwenda na binti. Nilivaa koti langu la Idi. Darasa lilijaa wazazi, na wengi walikuwa na sura kama yangu, sura ya mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji. Yule mama alipotoa nafasi ya maswali nilikuwa nimeshasimama. Nilisema kwa dakika nyingi. Nilisema mtoto wangu amefutwa hapa, na sasa amefutwa kule, na kwamba kisanduku kilichokuwa kimebaki duniani kwa ajili yake kimeondolewa juzi saa kumi jioni, je, sasa tujaze nini?

Mama yule alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Binti yako ana uraia gani, baba?"

"Wa Tanzania."

"Basi pole. Kwa kawaida waombaji wa nje huwekwa kwenye kundi lao peke yao, na ilikuwa hivyo kabla ya hukumu. Hesabu ile ya rangi ilikuwa hasa ya watoto wa Marekani wenyewe. Angeweka tiki, ndiyo, lakini wangemsoma kama mwanafunzi wa kigeni."

Nilimwambia arudie. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi. Wa kigeni. Nilivuka bahari kwa mawazo, miaka miwili, na upande wa pili nikamkuta yuleyule karani na kalamu ileile. Mama yule wa darasani alikuwa anaendelea kueleza, kwamba hukumu haijamkataza mtoto kuandika mwenyewe jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, na kwamba insha sasa ndiyo nafasi yake ya kusema. Insha! Ile niliyoikatakata kwa mkono wangu.

Nilimgeukia binti ili tushangae pamoja. Yeye hakuwa ameshangaa. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Tulitoka Doornfontein tukasimama kwenye robot, ndivyo hapa wanavyoziita taa za barabarani, taa ni nyekundu, magari yanapita.

"Ulijua," nilisema.

"Yebo, Baba."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Niliuliza shuleni."

"Na ukaniacha? Ukaniacha nisimame mbele ya watu wote wale na koti la Idi?"

Binti yangu Kiswahili anakisikia chote lakini kukisema humchosha, kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Siku ile alikisema, taratibu, anatafuta kila neno.

"Ulikuwa unafurahi. Fomu zote zinakukasirisha. Hiyo moja tu ilikuwa inakufurahisha. Mimi nitakuambiaje?"

Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu tena, nasi tumesimama palepale. Niliona aibu, na aibu kwangu mimi hutoka kama hasira, kwa hiyo nilimkaripia. Nilimwambia baba si mtoto wa kubembelezwa kwa pipi. Nilimwambia amenidharau. Yote hayo yalikuwa maneno ya mtu anayetaka asiulizwe swali moja: kwa nini mtoto wa miaka kumi na sita alijua kuuliza, na mtaalamu wa fomu hakujua?

Hakuniuliza. Alisema tu, "Insha naandika mwenyewe, Baba. Usiiguse."

Sikuigusa. Wiki zilizofuata alikuja dukani jioni baada ya shule, akakaa kwenye kompyuta ya pembeni, kioo amekigeuzia ukutani. Mimi nilijaza fomu za watu na kusikia vidole vyake. Wakati mwingine vilikwenda mbio, wakati mwingine vilinyamaza muda mrefu nikatamani kusema kitu, na mama wa cherehani, ambaye alikuwa akipita kila jioni kuangalia maendeleo, alinikanya kwa jicho. Aliomba vyuo vinne, vyote kwa msaada kamili wa masomo, kwa sababu bila huo hata tungekubaliwa tusingefika uwanja wa ndege. Alituma yote kabla mwaka haujaisha. Sikusoma hata mstari mmoja, na mpaka leo sijausoma.

Mtihani wa mwisho alifaulu vizuri. Mwaka ukageuka. Miezi ile alikuwa anasuka watu pamoja na mama yake na kusubiri, na mimi nilikuwa nasubiri vibaya kuliko yeye. Majibu yalianza Machi. La kwanza hapana. La pili na la tatu yalikuja wiki moja, hapana, hapana. Kila mara alinionyesha simu, akaivuta, akarudi kazini. La nne lilifika mchana, akiwa dukani kwangu, ameleta chakula. Tulikuwa watatu, yeye, mimi na jirani yetu wa cherehani aliyekuwa amekuja kunakili kitambulisho. Alifungua, akasoma. Nilijua kwa jinsi mabega yalivyoshuka.

Jirani alipiga paja. "Ni ile tribinali! Si nilisema? Bale majuji balimufungia mutoto mlango!"

Nami nilifungua mdomo nimuunge mkono. Maneno yalikuwa tayari, matamu kabisa. Majaji wale walikuwa mbali, wakubwa, hawanijui, wangeweza kubebeshwa kila kitu: insha niliyoikata, miaka miwili ya mahubiri, vile vyuo vya hapa, hata kalamu mbovu. Nilitamani sana wawe wao. Nikaanza, "Kweli, jirani, hukumu ile..."

"Hapana," alisema binti.

Alikuwa ameweka simu juu ya meza, kioo chini.

"Hamjui hivyo. Hata mimi sijui. Labda pesa za msaada zilikuwa chache. Labda kuna wenye alama nzuri kunishinda." Alivuta pumzi. Alisema kwa Kiswahili, na safari hii hakutafuta maneno. "Hapa kila mara wananikataa kabla hawajanisoma, Baba. Hawa wamenisoma. Wamekaa chini, wamesoma kurasa zangu mpaka mwisho, wanajua mimi ni nani, wakasema hapana. Basi hiyo hapana msiwape majaji. Ni yangu."

Mama wa cherehani alichukua kitambulisho chake akatoka bila kungoja nakala. Binti alinisogeza taratibu kwa mkono, kama mtu anayesogeza meza, akakaa kwenye kiti changu mwenyewe, akaficha uso.

Nilimwekea maji karibu. Kisha nilitoka, nikavuta mlango nyuma yangu, na kwa kila mteja aliyekuja nikasema tumefunga, mpaka alipomaliza kulia.